Gari Lisiloiweza Foleni

Madereva wa zamani wa Mtaa wa Uhuru hawakumsifu Marcelino Mrope kwa mwendo. Walimsifu kwa kuziba. Akiwa kwenye foleni, kati ya bampa ya gari lake na ya gari la mbele haukubaki zaidi ya upana wa kiganja, na hapo hapakupita kitu, si pikipiki, si mkokoteni wa magodoro. "Ukimwachia mmoja umemwachia na nduguye," alikuwa akisema, "na shemeji yao yuko nyuma anakuja." Katika jiji ambalo kumchomekea mwenzako, yaani kujipenyeza mbele yake, ni ujanja na kuchomekewa ni fedheha, alihesabiwa kuwa mtu asiyechomekewa.

Alizaliwa upande wa Ndanda, kusini, akajifunza udereva kwenye lori la korosho ambalo ilibidi liegeshwe mteremkoni, kwa sababu lilikuwa haliwaki bila kusukumwa. Mwaka aliofika Dar es Salaam haukumbuki. Anachokumbuka ni kwamba vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Alipata kibarua cha kubeba majora ya vitambaa katika duka la Devendra, Mhindu wa Kisutu, wakati rafu za duka hilo zilikuwa na vumbi jingi kuliko nguo. Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mizigo ikaanza kushuka bandarini, duka likajaa hadi kwenye ngazi, na Devendra akanunua Peugeot iliyokwishatumika. Akawauliza wabebaji wake nani anajua kuendesha. Marcelino aliinua mkono kabla swali halijaisha.

Kuanzia hapo alikuwa dereva wa familia ile. Baada ya Peugeot yalikuja magari ya Kijapani, moja baada ya jingine, kila moja likiwa limechakazwa kwanza na watu wa mbali. Yote yalikuwa ya kukanyaga klachi. Devendra hakutaka kusikia habari za otomatiki; aliiita gari la mtu aliyevunjika mguu. Alipofariki, Marcelino aliendelea kumchukua mjane wake, Jasvanti, kila asubuhi kutoka Kisutu hadi dukani.

Safari yenyewe ni fupi. Mtu mwenye afya angeitembea. Lakini ilikuwa na uzito wake, kwa sababu ya desturi ambayo Devendra aliirithi kwa mama yake na Jasvanti akaishika bila kuilegeza: hakuna kitambaa kinachopimwa dukani kabla mama mwenye nyumba hajawasha taa ya samli mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri. Mteja angeweza kutoka Songea, fedha ziko mkononi, mlango uko wazi, angengoja. Kwa hiyo asubuhi iliyopotea Mnazi Mmoja ilikuwa asubuhi iliyopotea dukani, na Jasvanti alikaa kiti cha nyuma, kibebeo chake cha chakula mapajani, macho yakiwa kwenye bampa.

"Marcelino, yule."

"Namwona, mama."

"Anakuja."

"Haji, mama."

Na kweli hakuja.

Mwaka 2013 Jeet, kijana wa mwisho wa Devendra, alikuwa amekwisha kurudi kutoka masomoni Uingereza na kushika duka. Siku moja alimwona Marcelino akishuka garini: ameshika mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameushika mguu wa suruali ili autoe mguu wa kushoto nje. Goti lilikuwa limeisha. Miaka karibu thelathini ya kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, kutoka Kisutu hadi Kariakoo, ilikuwa imelila. Jeet alipelekwa shule na mtu huyu tangu akiwa na meno ya utoto. Aliagiza gari.

Lilishuka bandarini mwezi wa Julai: gari dogo la saluni, la kijivu, nadhifu, injini yake ndogo ikiwa na tabo ya kuiongezea nguvu, na giaboksi yake ikiwa ya otomatiki ya klachi mbili. Marcelino alikwenda kulipokea pamoja na wakala wa forodha, akatazama chini ya usukani, akaona pedali mbili tu.

"Ya tatu wameibeba," alimwambia wakala.

"Haina ya tatu, mzee. Gari ya kisasa."

"Mguu huu sasa unafanya kazi gani?"

"Unapumzika. Wewe hutaki kupumzika?"

Jeet alimfundisha siku ya Nanenane, maduka yamefungwa, barabara ziko nyeupe. Walitoka Kisutu wakavuka daraja la Selander, wakafika Mwenge, wakarudi. Marcelino analieleza gari lile kwa haki, hata sasa. Anasema ukikanyaga mafuta lilivuta pumzi kidogo, kisha likakusukuma mgongoni kama mtu aliyechoka kukungoja. Gia zilibadilika bila kusikika, bila ule mshtuko wa otomatiki nyingine. Mguu wa kushoto, anasema, ulikuwa bado unakanyaga zulia kila alipokaribia taa, na Jeet alikuwa anacheka.

"Anko, iache. Inajua yenyewe."

"Inajua nini?"

"Kila kitu. Wewe shika usukani tu."

Maduka yalipofunguliwa tena, gari liliingia kwenye foleni.

Ieleweke hali ya barabara za kati ya mji kwa wakati ule. Ujenzi wa njia za mabasi ya mwendo wa haraka ulikuwa umeichimba Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Msimbazi, na magari yote yaliyokuwa yakipita huko yalisukumwa kwenye mitaa iliyobaki. Biashara huria ilikuwa imefungua bandari kwa gari la aina yoyote kutoka nchi yoyote. Barabara zenyewe zilikuwa zilezile, na sasa nusu yake ilikuwa mashimo. Kati ya Mnazi Mmoja na dukani watu walikuwa wakizima injini, wakinunua karanga, wakiwasha tena. Marcelino hakuzima. Alifanya alichojua kufanya: gari la mbele likisogea hatua, naye akalegeza breki kidogo, gari likatambaa, akaziba. Likisogea nusu hatua, akatambaa nusu hatua. Jasvanti aliridhika. Goti liliridhika. Kwa wiki kadhaa, Klara, mkewe, alishangaa kumwona mumewe akipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta.

Harufu ilianza mwezi wa Septemba. Jasvanti aliisikia kwanza, akadhani ni mchoma mahindi. Siku chache baadaye, karibu na makutano ya Uhuru na Msimbazi, gari lilitetemeka, namba ya gia kwenye dashibodi ikaanza kuwakawaka, kisha likakataa. Injini ilikuwa inanguruma. Magurudumu hayakutaka.

Wabeba mizigo walikuja kusukuma, na hawakukosa la kusema.

"Mzee, hii si ndiyo mpya?"

"Mpya inasukumwa kwa adabu, usiikwaruze."

"Bora lile la zamani, lilikuwa bovu linaenda."

Marcelino alishika usukani kupitia dirishani, akisukuma pamoja nao. Jasvanti alishuka, akashika kibebeo chake, akatembea hadi dukani peke yake katikati ya wauza soksi. Taa iliwashwa kuchelewa sana siku ile.

Gari lilikokotwa hadi mtaa wa Gerezani, kwa Benjamini, fundi mwenye kompyuta ya kupimia magari. Alilichunguza asubuhi nzima, akaishusha giaboksi, akawaita Marcelino na Jeet waje watazame. Pleti za klachi zilikuwa nyeusi kama kikaango.

"Humu ndani mna klachi mbili," Benjamini alisema. "Hii ina gia ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba. Hii ina zilizobaki. Mmoja akiwa kazini, mwenzake amekwisha kushika gia inayofuata, anangoja zamu. Ndiyo maana husikii ikibadilisha."

"Na nani anakanyaga?" Marcelino aliuliza.

"Kompyuta."

"Kompyuta inaijua Msimbazi?"

Benjamini alicheka kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuulizwa mengi. "Hapo ndipo penye kazi, baba. Ukilegeza breki gari itambae, klachi haishiki yote. Inasugua. Otomatiki za kawaida zina mafuta katikati, zinatambaa mpaka jioni na hakuna neno. Hizi ni kavu. Kwenye gari zako za zamani ungesikia kwa mguu kwamba inaungua, ukaihurumia. Hapa huna mguu."

"Kwa hiyo ni uendeshaji," Jeet alisema.

Fundi alifuta mikono. "Ni uendeshaji wa Dar," alisema. "Kila mtu hapa anaendesha hivyo."

"Lakini gari hii imeendeshwa na mtu mmoja."

Marcelino alikubali. Katika maelezo yake yote hajaribu kulikwepa jambo hili: aliyeziunguza ni yeye, na aliziunguza kwa ustadi uleule aliosifiwa.

Jeet hakuwa mtu wa kufoka. Alimweleza Marcelino dukani, kwa sauti ya chini, kwamba klachi mpya zingeagizwa Dubai, na kwamba zikifika gari lingeendeshwa na kijana aitwaye Goodluck, ambaye alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye gari za namna ile. Marcelino angehamia stoo. Mshahara uleule.

"Stoo ile haina dirisha," Marcelino alisema.

"Anko, ina feni."

"Nitakaa nikifanya nini?"

"Utaangalia mzigo."

Marcelino aliutazama mzigo. Alikuwa ameubeba, ameusafirisha, ameulinda usiibwe wakati wa uhaba. Kuutazama hakukuwa kazi kwake. Kwa watu wa rika lake waliotoka kusini wakaja kubeba vitu vya watu mgongoni, usukani ulikuwa ndio tofauti kati ya mbebaji na dereva, na stoo ilikuwa chini, kule alikoanzia. Alimwomba Jeet jambo moja: afundishwe upya. Akishindwa, ataingia stoo bila neno.

Mafundisho ya Benjamini yalikuwa mafupi. Ukisimama, kanyaga breki hadi mwisho, klachi ziachiane kabisa. Gari la mbele likisogea, wewe usisogee. Subiri mpaka nafasi itoshe magari mawili, kisha ondoka kama mtu anayekwenda mahali, si kama mtu anayenyata.

"Nafasi ya magari mawili," Marcelino alisema, "bajaji inaingia."

"Acha iingie."

"Na ya pili?"

"Iache nayo."

"Basi nitazeekea Mnazi Mmoja."

"Uzee si umeshaanza, baba? Utaumalizia hapo."

Klachi zilipofika na kufungwa, asubuhi ya kwanza ziliingia mbele yake bajaji, pikipiki kadhaa, kirikuu, ile pikapu ndogo, iliyobeba vitanda, na mtu wa mkokoteni ambaye aligeuka kumtazama dereva usoni, kwa kuwa alidhani amezimia. Nyuma honi zilikuwa zinalia. Kijana mmoja alitoa kichwa dirishani: "Babu, kama umefika shuka, tupishe." Marcelino alikanyaga breki hadi mwisho na kutazama nafasi ile ikijaa watu wengine. Anasema ilikuwa kama kukaa kwenye meza yako mwenyewe na kuona wageni wanakula, nawe huruhusiwi kuinua mkono.

Jasvanti alidhani anaumwa.

"Marcelino, una homa?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona unagawa barabara?"

"Fundi amesema gari haitaki kubanwa."

"Fundi ndiye anafungua duka langu?"

Alimweleza habari za klachi mbili. Jasvanti alisikiliza hadi mwisho, akatazama nje, akasema kwamba mumewe alinunua magari ya kumfikisha mtu, hili limenunuliwa ili lifikishwe.  Siku zilizofuata alikuwa akivuta hewa kwa meno kila kitu kilipoingia mbele yao. Taa ilichelewa, na wateja wa mikoani, ambao wana mabasi ya kuwahi Ubungo, walianza kununua duka la jirani ambako hapakuwa na taa ya kungoja.

Kwa upande wa gari, Marcelino alifaulu. Mwisho wa mwezi Benjamini alichomeka kompyuta yake, akasoma, akasema klachi ziko kama zilivyotoka kwenye boksi. Jeet alimpongeza dereva wake kwa kumshika bega. Habari za stoo hazikutajwa tena.

Ilikuwa kesho yake, pale Mnazi Mmoja, bajaji ilipoingia katika ile nafasi ya magari mawili na kusimama. Jasvanti alifungua mlango, akakusanya sari yake, akatembea hatua chache, akapanda bajaji ileile. Kibebeo cha chakula alikiweka mapajani. Hakumtazama Marcelino, ingawa hakuwa amekasirika. Jasvanti mwenyewe anasema alikuwa anawahi tu. Bajaji ilimchomekea wa mbele, na wa mbele yake, ikapotea. Marcelino alibaki na gari lisilo na mtu, akiwa amekanyaga breki hadi mwisho, kama alivyofundishwa.

Ikawa hivyo wiki nzima, hadi Jeet akaamua jambo ambalo kila mtu alikuwa amekwisha kuliona. Siku za kazi mama atapanda bajaji ya mtu wanayemfahamu. Gari litatoka Jumapili, barabara zikiwa wazi, kumpeleka Kibaha kwa dada yake.

"Jumapili nyeupe kabisa, Anko," alisema. "Itaenda inavyotaka yenyewe. Na goti lako halitateseka. Siku moja kwa wiki, mshahara wa wiki nzima."

"Jumapili sifanyi kazi," Marcelino alisema.

Ni kweli hakuwa amefanya, tangu siku alipokabidhiwa ufunguo wa Peugeot. Devendra alimpa mkono juu ya makubaliano hayo na hakuwahi kuyauliza tena, hata wakati wa mizigo ya Krismasi.

"Misa ya asubuhi mapema ipo, si ipo? Tutatoka ukimaliza."

"Ipo."

"Basi?"

 Marcelino aliuliza kama kirikuu ya duka, iliyokuwa ikipeleka majora kwa mabasi ya Ubungo, ilikuwa imepata dereva, kwa kuwa wa kwanza alikuwa amekwenda Tandahimba kwenye korosho na hakurudi. Jeet alimtazama mguu.

"Anko, klachi ya ile ni chuma. Vijana wenyewe wanalalamika."

"Naijua."

"Nimenunua gari hii kwa ajili ya goti lako. Unaelewa?"

"Naelewa. Nimeshukuru. Goti ni langu."

Aliweka ufunguo juu ya meza ya kupimia. Jeet hakuuchukua siku ile; ulikaa hapo, watu wakapima vitambaa pembeni yake, hadi Jasvanti alipoutia kwenye mkoba wake jioni.

Kuhusu sababu ya Marcelino kuichukua kirikuu, maelezo hayalingani. Marcelino husema ni Misa, na husema hivyo kila anapoulizwa. Jasvanti anaamini alitaka kurudi kwenye foleni, kwa sababu mwanamume aliyezoea kuziba hawezi kuishi kwa kuachia. Klara, ambaye ndiye anayempaka dawa ya goti kila jioni, hana subira na maelezo hayo yote mawili. "Misa ya alfajiri ipo, na angeweza kwenda," anasema. "Asingejali kuendesha siku moja kwa wiki kama ingekuwa kazi. Aliona ni sadaka. Walikuwa wanamtafutia kitu cha kufanya." Kisha anaongeza kwamba ni mjinga, na kwamba angekuwa yeye angechukua Jumapili na feni ya stoo pia.

Klara ndiye anayesimulia habari ya Jumapili moja ya Januari, baada ya mvua ndogo. Walikuwa wametoka kanisani Magomeni, wamesimama kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na wanakwaya wenzake, wakingoja upande mmoja wa barabara upitike. Gari la kijivu lilikuja kutoka mjini, Jeet akiwa kwenye usukani na mama yake kiti cha nyuma. Hapakuwa na gari jingine mbele yake. Lilipita kwa mlio mwembamba, likapanda kuelekea Ubungo bila kuonekana likibadilisha gia.

"Lile," Klara alisema.

"Linakwenda vizuri," Marcelino alijibu.

Klara anasema mumewe alilitazama hadi lilipopotea, na kwamba wanakwaya walikwisha kuvuka wakawa wanawaita. Marcelino, alipoulizwa habari ya siku hiyo, alisema hakumbuki, magari ni mengi siku hizi.